Nacheza gemu kila usiku tangu baba afariki, je najificha?

SWALI: Dada habari za kazi. Nina miaka 34, ni mhasibu, nipo Morogoro. Baba yetu alifariki mwaka jana baada ya kuugua muda mrefu na mimi ndo nilikuwa nalala nae hospitali. Tangu hapo usiku silali bila gemu, nina Stardew Valley, ile gemu ya kulima shamba, kwenye simu na PS4 sebuleni nacheza mpira na mdogo wangu. Nikifumba macho namuona baba na ile mashine ya oksijeni, nikicheza inapotea, yaani nasikia nimepumua. Shangazi alinikuta nacheza simu hata arobaini haijafika akasema nina roho ngumu. Mke wangu nae saivi analalamika, mtu mzima na watoto unakesha na gemu. Kikao cha ukoo kilinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, mpaka leo sijaenda mahakamani. Naomba uniambie ukweli, huu ni ugonjwa? Nijilazimishe kuacha?

JIBU: Kaka yangu, pole sana kwa msiba, na pole kwa kuuguza, mana kuuguza kunachosha mwili na roho na watu wakishazika wanakusahau wewe uliyekesha wodini. Nimeusoma ujumbe wako mara kadhaa. Kwa ulivyoeleza hapa mimi ugonjwa siuoni. Kule kupumua unakokusikia ni kwa kweli, hujidanganyi, na kuna sababu zake zinazoeleweka. Ila hilo la mahakamani nalo nimeliona, ntalifikia huko chini, sitakupitisha pembeni.

Niseme tu kwamba mimi kazi yangu ni ushauri wa kisaikolojia na gemu nacheza mwenyewe, tangu enzi za mabanda ya PS2 ambako ukifungwa unatoa pad unarudi benchi kusubiri zamu yako. Kwahiyo sikujibu kama mtu anayeziona gemu kwa mbali kwenye simu ya mtoto wa dada yake.

Tuanze na ile picha ya oksijeni. Kumbukumbu za namna hiyo zinazokuja bila kuitwa huwa ni picha zaidi kuliko maneno, na ndo mana mtu akikwambia "usiwaze sana" haisaidii chochote, kwasababu huwazi, unaona. Sasa akili ya binadamu ina sehemu inayoshughulika na kushika picha kwa muda mfupi na nafasi yake ni finyu, haiwezi kubeba picha mbili nzito kwa wakati mmoja zote zikiwa kali. Ukiipa kazi ya kuona na kupanga maumbo, ile picha nyingine inakosa nafasi ya kutosha. Hili limepimwa. Kuna mtafiti anaitwa Emily Holmes, yeye na wenzake walikwenda kitengo cha dharura cha hospitali moja Oxford, Uingereza, wakachukua watu 71 waliotoka kwenye ajali za barabarani ndani ya saa 6, nusu yao wakaambiwa wakumbuke kwa ufupi kilichotokea afu wacheze Tetris kama dakika 20 hivi, wengine wakapewa shughuli nyingine ya kawaida. Wiki ya kwanza waliocheza walijiwa na zile picha za ajali mara chache zaidi, tofauti ilikuwa asilimia 62. Tetris hii hii, gemu ya mwaka 1984 ya matofali yanayodondoka! Na Lausanne kule Uswisi wakajaribu kitu kinachofanana na hicho kwa akina mama 56 waliojifungua kwa upasuaji wa dharura, nako matokeo yakaelekea huko huko.

Sasa usinielewe vibaya, hao walicheza saa chache baada ya tukio, na walicheza wakiwa wameikumbuka kwanza ile ajali kwa makusudi. Wewe ni miezi imepita. Kwahiyo sikwambii kwamba shamba lako la kwenye simu ni dawa iliyothibitishwa ya picha ya baba, nakwambia tu kwamba unaposema "nikicheza inapotea" unaeleza jambo ambalo akili inalifanya kweli, wala siyo udhaifu wako wala roho ngumu. Na kumbukumbu yenyewe haifutiki, wale wa Oxford ajali yao waliikumbuka vizuri tu, kilichopungua ni kule kuvamiwa.

Twende kwa shangazi. Kwa heshima zote, mwambie (au usimwambie, jua wewe moyoni) hivi: kwenye msiba wa baba yenu, usiku, chini ya turubai, wanaume walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanacheza karata, wengine drafti, wengine bao, wanapiga kelele mtu akiliwa, wanacheka, na ndani mle akina mama wanalia afu baada ya nusu saa wanahadithiana vituko vya marehemu wanacheka mpaka machozi yanabadilika. Hakuna anayewaita roho ngumu. Watu wetu walishajua siku nyingi kwamba mfiwa akiachwa na huzuni peke yake usiku kucha atavunjika, lazima kuwe na kitu mikononi na watu pembeni. Wanasaikolojia nao walikuja kuliandika, Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi mwaka 1999, kwamba anayeomboleza vizuri ni yule anayekwenda na kurudi, leo anakaa na majonzi, kesho anashika maisha, saa hii analia saa ijayo anakarabati banda la kuku, na kupumzika kutoka kwenye huzuni ni sehemu ya maombolezo yenyewe. Shangazi alichokuona nacho ni simu badala ya karata. Shida ya simu ni kwamba mtu ukiishika unaonekana umejitenga, karata zinaonekana uko na wenzio, hilo namuelewa, na kwa mila zetu kujitenga msibani kunatafsirika vibaya. Ila roho yako haina tatizo.

Kuhusu gemu yenyewe uliyoichagua, nataka nikae hapa kidogo mana nadhani hujajiuliza kwanini hiyo na siyo nyingine. Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, Mmarekani, alikaa nayo zaidi ya miaka minne peke yake akichora, akitunga muziki, akiandika kila kitu, ikatoka Februari 2016. Inaanzaje? Babu yuko kitandani anakaribia kufa, anampa mjukuu barua iliyofungwa, anamwambia ipo siku maisha yatakuelemea, ndo uifungue. Afu tunamuona mjukuu amekua, kakaa ofisini mbele ya kompyuta kachoka, anafungua droo, anaichukua ile barua, ndani yake anakuta karithi shamba. Kaka yangu wewe ni mhasibu, umekaa pembeni ya kitanda cha baba mpaka mwisho, na una mirathi mkononi. Sishangai kabisa kwamba gemu hiyo ndo imekushika.

Angalia na unachofanya humo. Siku ya kwanza unapewa mbegu 15, unalima, unamwagilia, siku 4 zikipita zimekomaa. Unamwagilia leo, unavuna, unauza, unanunua mbegu nyingine. Ukifanya kazi unaona matunda, usipomwagilia hazikui, basi, hakuna la zaidi. Linganisha na wodini: ulikuwa unamgeuza baba, unampa uji, unakimbilia dawa, unalipia vipimo, unafanya kila kitu sawasawa na bado kila asubuhi hali ni mbaya kuliko jana. Hicho ndo kitu kinachommaliza anayeuguza, kufanya kila kinachowezekana na kisibadilike kitu. Kuna watafiti, Ryan, Rigby na Przybylski, walieleza mwaka 2006 kwamba gemu inampendeza mtu inapompa vitu vitatu, kujisikia ana maamuzi yake, kujisikia anaweza, na kujisikia ameungana na wengine. Wewe hospitali ilikunyang'anya viwili vya kwanza kwa miezi mingi. Usiku unavifuata mahali vinapopatikana kwa dakika 14, mana ndo urefu wa siku moja mle ndani ukiimaliza yote, toka saa 12 asubuhi mpaka saa 8 usiku.

Nikutahadharishe kitu kama hujafika: mwanzo wa mwaka wa tatu mle kwenye gemu roho ya babu inarudi kutazama ulichofanya na shamba lake. Kwa mtu mwingine ni tukio dogo la kupendeza, kwako linaweza kukuliza kama mtoto. Ukilia lia. Usicheze sehemu hiyo saa tisa usiku peke yako wakati kesho una mahesabu ya kufunga mwezi, icheze jumamosi mchana.

Cha tatu, kuungana na wengine, unakipata kwenye PS na mdogo wako, na nakuomba usikipuuze hata kidogo. Nyie wawili mmefiwa na baba mmoja. Wanaume wengi hawawezi kukaa wakatazamana usoni wakasema nimemkumbuka mzee, ila wakikaa bega kwa bega macho yako kwenye TV, katikati ya mechi, mpira umetoka, mmoja anasema "mzee angekuwepo angesema huyu refa kahongwa" mwingine anacheka, na hapo mazungumzo yameshafanyika. Mi nikisikia ndugu wawili wanacheza mpira kila wiki baada ya msiba nashusha pumzi, wanaonitia wasiwasi ni wale ambao kila mmoja yuko chumbani kwake.

Na hata wa mbali ni watu. Norway kulikuwa na kijana anaitwa Mats Steen, alikuwa na ugonjwa wa misuli wa Duchenne, akawa kwenye kiti cha magurudumu, akafariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walihuzunika wakijua mtoto wao ameishi mpweke, miaka imeishia kwenye World of Warcraft, gemu ya mtandaoni inayochezwa na watu wengi kwa pamoja. Baba yake akaweka tangazo la kifo kwenye blogu ya kijana, emaili zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali, watu wanaeleza alivyowasikiliza, alivyowashauri kwenye matatizo ya nyumbani kwao, na baadhi wakasafiri kuja kumzika. Wazazi wamesimulia hili hadharani mara nyingi. Walikuwa wanaona mgongo wa kijana na kioo cha kompyuta, urafiki ulikuwa upande wa pili wa kioo na wao hawakuuona.

Haya sasa, mke wako. Yeye analalamikia masaa, na watu wengi wakitaka kujua kama gemu ni tatizo wanauliza swali hilo hilo, unacheza saa ngapi. Masaa yenyewe yanasema kidogo kuliko tunavyodhani. Chuo cha Oxford tena, mwaka 2022, walipata data za uchezaji kutoka kwenye kampuni zenyewe za gemu, wachezaji karibu 39,000 wa gemu 7, wakakuta muda wa kucheza haukuwa na athari ya maana kwa hali ya mtu, iwe kumjenga au kumbomoa. Kilichoenda na hali ya mtu ni sababu, yaani anayecheza kwakuwa anataka alikuwa na hali nzuri kuliko anayecheza kwakuwa anajisikia lazima. Shirika la Afya Duniani nalo limeutaja uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, ila soma vigezo vyake: umeshindwa kujizuia, gemu imepanda juu ya mambo mengine yote ya maisha, na unaendelea hata ukiona inakuharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Idadi ya masaa haimo. Kazini unaenda, watoto unawalea, mdogo wako uko nae. Vigezo hivyo kwa unavyonieleza hujavifikia.

Lakini malalamiko ya mke wako yana ukweli mwingine ndani yake ambao hausemi hivyo, kwamba anakukosa. Nae alifiwa na mkwe, nae usiku anakutafuta anakuta upande wako wa kitanda mwanga wa simu. Sijui kama umeshamwambia kuhusu ile picha ya oksijeni, nadhani hapana, nadhani umeniambia mimi nisiyekujua. Mwambie. Sio ili akuruhusu kucheza, ni ili ajue kinachokukesha ni nini, mana saivi anapigana na gemu akidhani ndo adui.

Mirathi sasa, na hapa nakuwa mkali kidogo. Mtafiti mmoja wa Norway, Frode Stenseng, na wenzake wametofautisha namna mbili za kutoka kwenye maisha kwa muda. Moja unatoka ili uende kwenye kitu kizuri, unarudi umejaa. Nyingine unatoka ili usikisikie kitu fulani, na ukirudi kipo pale pale, kimekua. Kwa nje zinafanana kabisa, mtu kashika simu. Kwa ndani unaweza kuzijua kwa unavyojisikia ukizima. Ukizima unasikia umetulia, unaweza kulala, kesho una nguvu ya kumpigia mtu simu, hiyo ni ile ya kwanza. Ukizima unasikia kama kuna mtu amekukaba, unawasha tena haraka, hiyo ni ya pili, na nahisi wewe una zote mbili. Usiku wa kawaida uko kwenye ya kwanza. Usiku ule unapojua kesho ungepaswa kwenda mahakamani, ukakesha mpaka saa kumi alfajiri, asubuhi ukasema nimechoka ntaenda wiki ijayo, hapo uko kwenye ya pili.

Na sikulaumu mana najua kazi hiyo inachoma. Cheti cha kifo cha RITA kina jina la baba kwa herufi kubwa, muhtasari wa kikao cha ukoo, fomu za mahakama, afu unasimama mbele ya hakimu unasema kwa sauti mzee wangu amefariki. Ni kama kumzika tena kwa karatasi. Ila mama na wadogo zako wanasubiri, akaunti imefungwa, na kila mwezi unaopita minong'ono ya ukoo inaongezeka. Usiende peke yako. Nenda na huyo huyo mdogo wako mnaecheza nae, asubuhi, na siku hiyo msiwe na ratiba nyingine. Na mkirudi, kaeni mcheze mpira jioni nzima na mkeo ajue kabisa kwamba leo mnacheza mpaka mchoke. Hapo gemu itakuwa imekaa mahali pake, baada ya kazi ngumu badala ya kuwa mbele yake imeziba mlango.

Kuhusu usingizi, usijilazimishe kuacha, mana ukiacha ghafla usiku utabaki na oksijeni tu na hujapewa kingine. Punguza kwa kufuata gemu ilivyojengwa. Stardew inasevu ukimpeleka mtu wako kitandani, kwahiyo huna sababu ya kukata katikati, sema mapema leo ni siku mbili za shamba, ukimlaza mara ya pili na wewe unaweka simu mbali, chumba kingine ikiwezekana. Mtego wake ni ule mwanzo wa siku mpya, unaamka, kuna barua kwenye sanduku, kuna zao limekomaa, unasema ngoja nivune tu hili. Zima pale pale kabla hujatoka nje ya nyumba. Mpira mechi ya mwisho iwe mapema, mana gemu za ushindani zinapandisha damu, ukifungwa dakika ya 90 huwezi kulala hata ungetaka.

Na tafadhali, ukiwa kwenye hali hii kaa mbali na vile vinavyojifanya gemu lakini ni kubeti, kale kandege kanakopaa unatakiwa utoe hela kabla hakajapotea, mashine za dubwi mtaani, na hata zile paketi za wachezaji zinazouzwa kwa hela halisi kwenye gemu za mpira. Ubelgiji walitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati ya kununua kwenye gemu ni kamari, na mwaka uliofuata paketi hizo zikaacha kuuzwa huko kwa hela halisi. Mfiwa anatafuta kitu cha kuzima kichwa, na kamari inakizima haraka sana, afu inakuachia deni. Shamba lako halijawahi kukudai.

Mwisho, nikupe na dalili za kuangalia. Ukiona gemu zenyewe hazikufurahishi tena, unabonyeza tu ilimradi, au umeanza kukosa kazi, au huli, au unaanza kuwaza bora nimfuate mzee, usisubiri jibu lingine kutoka kwangu, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Morogoro uulizie huduma ya afya ya akili, na kama ni hilo la kuwaza kufa nenda siku hiyo hiyo na mtu wa kukusindikiza. Na hata bila hizo, kama ile picha ya oksijeni bado inakuvamia kila usiku baada ya muda wote huu, nenda tu, yapo matibabu ya kuongea yanayolenga kumbukumbu za namna hiyo moja kwa moja. Ukifika mweleze daktari na habari za gemu bila aibu, unacheza nini, saa ngapi unaanza, ukizima unajisikiaje, mana majibu hayo yatamsaidia kujua usiku wako ulivyo.